Samuel Plimsoll na mstari ubavuni mwa meli

Majuzi nilisimama Likoni pamoja na kundi la wanafunzi, tukingoja feri, pindi meli moja kubwa ya shehena ilipokatiza mbele yetu ikielekea bandari ya Kilindini. Feri zilisita ng'ambo zote mbili kuipisha. Ilikuwa imeketi chini sana majini, na ubavuni mwake, karibu na uso wa maji, palikuwa na duara lililopakwa rangi nyeupe na kukatwa katikati na mstari uliolala. Mwanafunzi mmoja akaniuliza duara lile ni nembo ya kampuni gani. Nikamjibu kwamba si nembo ya kampuni yoyote, bali ni sheria iliyoandikwa kwa brashi na rangi. Feri yetu ikawasili kabla sijamaliza kumweleza, nami nikamwahidi kwamba jibu kamili atalisoma hapa. Naitimiza leo ahadi hiyo, nikiamini kuwa walimu wa fizikia na wa historia hawatakosa cha kuokota katika maelezo yangu.

Kila meli ya biashara iendayo safari za kimataifa, ikiwa na urefu wa mita 24 au zaidi, yapasa kuwa na alama hiyo pande zote mbili, katikati ya urefu wake. Duara lina kipenyo cha milimita 300, na mstari unaolikata una urefu wa milimita 450. Kando yake pana mistari mifupi iliyopangwa mithili ya meno ya kitana, kila mmoja na herufi yake. S ni kiasi ambacho meli inaruhusiwa kuzama wakati wa kiangazi cha nchi za baridi, W ni wakati wa majira ya baridi kali, na T ni katika bahari za joto. Mstari wa T uko juu kuliko wa S, yaani meli inaruhusiwa kubeba zaidi katika bahari za joto kwa kuwa dhoruba kali huko ni chache. Mstari wa W uko chini, maana bahari ya baridi ni kali na meli yahitaji ubavu mrefu zaidi juu ya maji. Kisha kuna F, mstari wa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi. Meta moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1,025 hivi, ilhali ya maji ya mto ni kilo 1,000. Kwa hiyo meli ile ile, yenye shehena ile ile, huzama zaidi ikiwa mtoni kuliko ikiwa baharini, na hupanda kidogo itokapo mlangoni mwa mto. Mwalimu anayefundisha kanuni ya Archimedes angeweza kumaliza kipindi kizima kwa picha ya alama hii, na wanafunzi wasisinzie.

Lakini fizikia haikutosha kuiweka alama hiyo ubavuni mwa meli. Ilihitaji mtu wa kupiga kelele, na mtu huyo alikuwa mfanyabiashara wa makaa ya mawe ambaye hakuwa baharia wala mwenye meli wala mhandisi.

Samuel Plimsoll alizaliwa mjini Bristol, Uingereza, tarehe 10 Februari 1824. Baba yake alikuwa mtumishi wa idara ya ushuru, kazi iliyomhamisha huku na huko pamoja na familia yake kubwa, hata wakafika Sheffield, mji wa viwanda vya chuma. Kijana Samuel hakusoma sana. Aliacha shule mapema akawa karani, kisha akaingia katika kiwanda cha bia, ambamo alipanda cheo hadi kuwa meneja. Baba yake alipofariki, yeye ndiye aliyekuwa tegemeo la mama na ndugu zake. Mwaka 1851, Waingereza walipofanya Maonyesho Makuu mjini London kuuonyesha ulimwengu bidhaa zao, Plimsoll alikuwa miongoni mwa walioshughulikia upande wa Sheffield. Hadi hapo hapana jambo la kumtofautisha na makarani wengine wengi wenye bidii.

Mwaka 1853 alikwenda London kujaribu bahati yake katika biashara ya makaa ya mawe. Alifilisika. Kwa muda fulani alilala katika nyumba za malazi ya bei nafuu, akihesabu senti za chakula, pamoja na vibarua, mafundi wasio na kazi na watu wengine ambao mfanyabiashara wa tabaka lake hangekutana nao kamwe. Baadaye mambo yalimnyokea. Alipata njia ya kuyapeleka makaa London kwa reli kutoka migodi ya kaskazini, akabuni namna bora ya kuyapakua, akawa tajiri. Alimwoa Eliza Railton, mwanamke ambaye wasimulizi wengi wa historia hii humtaja mara moja kisha wakamsahau, nami nitarudi kwake. Lakini zile siku za dhiki hakuzisahau. Aliandika mwenyewe kwamba huko ndiko alikojifunza jinsi maskini wanavyosaidiana, na naona kwamba yote aliyoyafanya baadaye yanaeleweka vyema zaidi mtu akianzia katika nyumba hizo za malazi kuliko akianzia bungeni.

Mwaka 1868 alichaguliwa mbunge wa Derby kwa tiketi ya chama cha Liberal. Derby ni mji wa bara, mbali na bahari. Msomaji ana haki ya kuuliza mbunge wa bara alitafuta nini katika mambo ya mabaharia.

Uingereza ya wakati huo ilikuwa na meli nyingi za biashara kuliko taifa lolote, na kila mwaka mamia ya mabaharia wake walikufa maji. Wengine walikufa kwa dhoruba ambazo hakuna awezaye kuzizuia. Lakini wengine walikufa kwa sababu meli zao zilikuwa zimeoza, au zilikuwa zimerefushwa bila kuimarishwa, au zilipakiwa kupita kiasi. Meli iliyojazwa mno hubakiza ubavu mfupi juu ya maji. Bahari ikichafuka, wimbi halilazimiki tena kupanda ili liifikie sitaha. Linapita tu juu yake, linapiga falka zilizofunikwa kwa mbao na turubai, linazivunja, na maji yanaingia tumboni mwa meli. Kila tani ya maji inayoingia huizamisha meli kidogo zaidi, na wimbi linalofuata hupata njia rahisi zaidi. Meli yenye ubavu mrefu huinuka na kumwaga maji. Meli iliyolemewa haina akiba ya kuinukia.

Mnamo Januari 1866 meli iliyoitwa London, ikiwa safarini kwenda Melbourne, ilizama katika Ghuba ya Biscay. Ilikuwa imebeba chuma na makaa ya mawe, baadhi ya makaa yakiwa yamelundikwa sitahani. Watu zaidi ya 200 walikufa, wakaokoka 19 tu kwa mashua ndogo. Hiyo ilikuwa meli ya abiria, na magazeti yalililia msiba. Meli za makaa na nafaka zilizokuwa zikitoweka na mabaharia kumi au ishirini kila moja hazikupewa hata nusu safu.

Mwenye meli alikuwa na bima. Aliweza kuikatia bima meli kuukuu kwa thamani kubwa kuliko thamani yake halisi, hivyo ikizama hakupata hasara. Pengine alipata faida. Sisemi kwamba wenye meli wote walikuwa wauaji, wala Plimsoll mwenyewe hakusema hivyo alipokuwa ametulia. Wengi walikuwa waungwana walioziangalia meli zao vizuri. Lakini mwungwana huyo alishindana sokoni na jirani yake aliyejaza meli yake robo zaidi na kutoza nauli nafuu, na palipokosekana sheria, mwungwana ndiye aliyeadhibiwa na soko.

Baharia naye alikuwa na nini? Mara nyingi alitia sahihi mkataba kabla hajaiona meli. Akifika gatini akaiona imelala majini kama gogo, akakataa kupanda, alishtakiwa kwa kuvunja mkataba. Sheria ya mwaka 1854 iliruhusu afungwe majuma kadhaa, pengine pamoja na kazi ngumu, na mamia walifungwa hivyo. Hivyo basi baharia alichagua kati ya jela na bahari, na aliyechagua jela alitoka akiwa na jina baya ambalo lilimzuia kupata kazi. Napenda wanafunzi walitafakari jambo hili kabla ya kuendelea: sheria ilikuwapo, mahakama zilikuwapo, magereza yalikuwapo, na vyote vilifanya kazi yake barabara. Vilikuwa vimeelekezwa upande mmoja tu.

Plimsoll hakuwa wa kwanza kuligundua hilo. Miji ya Italia ya zama za kati iliwahi kutia alama za shehena kwenye meli zake. Kuanzia mwaka 1835 shirika la Lloyd's Register la kukagua meli lilipendekeza kwamba kwa kila futi moja ya kina cha tumbo la meli, ubavu ubaki inchi tatu juu ya maji; lakini lilikuwa pendekezo, si amri. Na mtu aliyeanza kampeni ya mstari wa shehena katika miaka ya 1860 alikuwa James Hall, yeye mwenyewe mwenye meli kutoka kaskazini mwa Uingereza, aliyechoka kushindana na wapakiaji holela. Plimsoll aliyachukua mawazo ya Hall akayafanya yake, wala haifai kuficha kwamba Hall alisahaulika kwa sababu ya kelele za Plimsoll. Hall alikuwa na hoja. Plimsoll alikuwa na hoja hizo hizo pamoja na hasira, na umma ulisikia hasira.

Mwaka 1873 alichapisha kitabu kilichoitwa Our Seamen. Kilikuwa kitabu cha ajabu: kina picha za barua na hati, ramani, michoro ya misumari ya bandia iliyotumiwa kuhadaa wakaguzi, na masimulizi ya wajane aliowatembelea majumbani mwao. Pia kilikuwa na makosa. Plimsoll aliandika kama mtu anayekimbia kuokoa nyumba inayowaka, akayaamini baadhi ya mambo aliyoambiwa bila kuyachunguza, na wenye meli walioona wamechafuliwa jina walimpeleka mahakamani. Baadhi yao walikuwa wabunge wenzake. Kesi zilimla fedha nyingi, hata wananchi wakaunda kamati ya kumsaidia yeye na mabaharia. Mimi simtetei katika makosa hayo. Anayemshtaki mtu kwa mauaji hana ruhusa ya kubahatisha, na kila kosa lake lilimpa adui sababu ya kuyakataa hata yale yaliyokuwa kweli tupu. Mwandishi yeyote wa magazeti angefaa kukisoma kitabu hicho mara mbili: mara ya kwanza ajifunze ujasiri, mara ya pili ajifunze tahadhari.

Serikali iliunda Tume mwaka huo huo. Tume ilisikiliza mashahidi wengi na mwaka 1874 ikatoa ripoti iliyokataa mstari wa lazima. Hoja yake haikuwa ya kipumbavu. Meli hazifanani, kiasi kinachofaa kwa meli pana ya matanga hakifai kwa meli nyembamba ya mvuke, wala kiasi cha pamba si kiasi cha chuma. Serikali ikichora mstari mmoja kwa wote itakosea, na ikiuchora, mwenye meli atajivua lawama kwa kuonyesha mstari wa serikali. Mswada ambao Plimsoll aliupeleka bungeni mwaka huo ulishindwa kwa kura tatu tu.

Basi ikaja siku ya tarehe 22 Julai 1875. Serikali ya Waziri Mkuu Disraeli ilikuwa na mswada wake wenyewe kuhusu meli, mswada dhaifu lakini wenye kitu ndani yake. Muhula wa Bunge ulikuwa unakaribia kwisha, nafasi ilikuwa haba, na Disraeli akatangaza kwamba mswada wa meli utaachwa ili ule wa ardhi za kilimo upite. Majira ya dhoruba yalikuwa mbele. Kuahirisha hadi mwaka uliofuata kulikuwa na maana moja kwa mabaharia wa majira hayo.

Plimsoll alisimama akapandwa na ghadhabu. Aliondoka mahali pake akasimama katikati ya ukumbi, akawatikisia ngumi waliokuwa wameketi upande wa serikali, akamtaja kwa jina mbunge mmoja mwenye meli zilizozama, akaapa kuwafichua waovu wanaowapeleka mabaharia kaburini. Spika alimtaka ayafute maneno yake. Alikataa. Akaambiwa tena, akakataa tena. Disraeli akatoa hoja akaripiwe, naye akatoka nje ya ukumbi, na rafiki zake wakaomba apewe wiki moja ya kutafakari kwa kuwa alikuwa amechoka na afya yake si nzuri.

Hasira hiyo, je, ilikuwa ya kweli au ya maonyesho? Wanahistoria wamebishana. Kuna ushahidi kwamba alikuwa ameandaa hati ya malalamiko mapema, na inasimuliwa kwamba Eliza, aliyekuwa juu katika jukwaa la wanawake, alihakikisha nakala zake zimewafikia waandishi wa habari. Kwa maoni yangu swali hilo halina uzito linaopewa. Mtu anaweza kupanga siku atakayoghadhibika na bado ghadhabu yake ikawa ya kweli. Jambo linalonigusa zaidi ni picha ya mke huyo. Wanawake wa wakati ule hawakuwa na kura wala ruhusa ya kuketi pamoja na wanaume katika ukumbi ule, nao walifungiwa nyuma ya kizuizi cha chuma. Hata hivyo Eliza alikuwa mwenza kamili wa kampeni. Aliandika barua, alikutana na wajane, na alijua kwamba kelele ya bungeni isipofika magazetini kabla ya jioni ni kelele iliyopotea.

Kelele ile haikupotea. Nchi nzima iliwaka. Mikutano ya hadhara ilifanyika katika miji ya bandari na hata katika miji isiyoijua bahari, nyimbo zikatungwa, na serikali ikatambua kwamba imekosea hesabu. Tarehe 29 Julai Plimsoll alirudi bungeni akaomba radhi kwa lugha aliyoitumia, bila kuyakana aliyoyaamini, na Bunge likampokea. Baada ya siku chache serikali iliyosema haina nafasi iliipata nafasi: sheria ya muda ilipitishwa kabla ya Bunge kufungwa, ikawapa wakaguzi uwezo wa kuzuia meli mbovu zisiondoke. Mwaka 1876 ikaja sheria ya kudumu, na mstari wa shehena ukawa wa lazima kwa meli za Uingereza.

Vitabu vingi vya shule huishia hapo, kwa shangwe. Hapo ndipo mimi ninapoomba subira ya msomaji, kwa sababu kiini cha jambo lote kiko katika yaliyofuata.

Sheria ya mwaka 1876 ilimlazimisha mwenye meli kuchora mstari, na kumlazimisha asiuzamishe. Haikusema auchore wapi. Mahali pa mstari paliachwa kwa busara ya mwenye meli mwenyewe. Yule mtu ambaye tamaa yake ndiyo iliyokuwa chanzo cha kilio alipewa brashi na kopo la rangi, akaambiwa ajiwekee mpaka. Inasimuliwa kwamba nahodha mmoja wa Cardiff aliuchora mstari wake kwenye dohani, kule juu moshi unakotokea, ili aonyeshe jinsi sheria ile ilivyokuwa mzaha. Waliotaka kuutii walitii; wale ambao sheria ilitungwa kwa ajili yao waliutia mstari mahali palipowafaa na kuendelea kupakia. Hali hiyo ilidumu miaka 14.

Wanafunzi wa sheria na uongozi wanapaswa kuikumbuka miaka hiyo 14. Bungeni watu walipeana mikono, magazeti yaliandika kwamba mabaharia wamekombolewa, na Plimsoll alisifiwa kila alikokwenda. Kitu kilichokosekana kilikuwa kidogo mno kiasi cha kuonekana kama jambo la makarani: nani apime na nani achore.

Kulitatua hilo hakukuhitaji ghadhabu tena bali hesabu. Benjamin Martell, mkaguzi mkuu wa Lloyd's Register, alitumia miaka mingi kukusanya vipimo vya meli za kila umbo, akazipanga katika majedwali yanayoonyesha ubavu unaopaswa kubaki juu ya maji kwa meli ya urefu huu, kina hiki na muundo huu. Majedwali yake yalitolewa mwaka 1882, na kamati ya serikali ikayachunguza na kuyarekebisha miaka michache baadaye. Ile hoja ya Tume ya mwaka 1874 kwamba meli hazifanani ikapata jibu: kweli hazifanani, lakini tofauti zao zinaweza kupimwa. Mwaka 1890 Bunge likapitisha sheria kwamba mahali pa mstari patawekwa kwa mujibu wa majedwali, chini ya mamlaka ya serikali na mashirika iliyoyaidhinisha. Brashi ikatoka mikononi mwa mwenye meli. Sanamu ya Martell sijaisikia popote.

Wakati huo Plimsoll hakuwa tena bungeni. Alichaguliwa tena mwaka 1880, lakini akajiuzulu kiti chake cha Derby akampisha William Harcourt, waziri aliyekuwa amepoteza kiti chake, akitumaini kwamba waziri aliyemfadhili hivyo atawatetea mabaharia kwa nguvu kuliko mbunge wa kawaida. Alijutia uamuzi huo, maana waziri alikuwa na shughuli nyingine. Mwaka 1882 Eliza alifariki wakiwa safarini Australia. Baada ya miaka mitatu alioa tena, akajaliwa watoto uzeeni. Aliendelea kuwapigania mabaharia kupitia chama chao, na mwaka 1890 akaandika kijitabu kuhusu meli zilizosafirisha ng'ombe wakiwa hai kuvuka Atlantiki katika mateso makubwa. Alifariki Folkestone tarehe 3 Juni 1898 akazikwa karibu na hapo.

Mstari wake uliendelea na safari. Mwaka 1906 Uingereza iliamuru kwamba hata meli za kigeni ziingiazo bandari zake zitii masharti ya upakiaji. Wenye meli wa Uingereza walifurahi, kwani sasa mshindani wao alibanwa pia. Lakini mwaka huo huo majedwali yalirekebishwa, na meli nyingi za Uingereza zikaruhusiwa kuzama zaidi kuliko awali. Mstari uliopandishwa hauonekani kama mstari uliofutwa, na mabaharia walinung'unika. Mkataba wa kwanza wa kimataifa kuhusu mistari ya shehena ulitiwa sahihi mwaka 1930, na ule unaotawala bahari za leo uliafikiwa London mwaka 1966. Huo ndio uliolichora duara alilolishangaa mwanafunzi wangu pale Likoni.

Siwezi kulitaja Likoni nikapita. Tarehe 29 Aprili 1994, mwendo mfupi tu kutoka hapo tuliposimama, feri ya Mtongwe ilipinduka mita chache kutoka gatini. Iliruhusiwa abiria 300. Ilikuwa imebeba watu 400 hivi. Walikufa 272, wengi wao wakiwa wafanyakazi waliokuwa wakiwahi kazini asubuhi. Na tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama karibu na Nungwi ikiwa na abiria wengi kupita kiasi kikubwa idadi iliyosajiliwa, pamoja na shehena. Katika misiba yote miwili idadi ya juu ilikuwa imeandikwa. Ilijulikana. Abiria waliosongamana kupanda hawakuwa na jela iliyowasubiri kama mabaharia wa Plimsoll, bali walikuwa na mwajiri aliyewasubiri, au familia, au sikukuu. Nani alikuwa pale gatini siku hiyo, mwenye uwezo wa kusema chombo kimejaa na kisiondoke, na asiyepoteza chochote kwa kusema hivyo? Kila ninaposoma habari za miaka ile 14 kati ya 1876 na 1890, swali hilo hunirudia.

Jambo moja dogo kwa yule mwanafunzi. Vile viatu vyepesi vya turubai na mpira tunavyoviita raba, Waingereza wengi huviita kwa jina la Plimsoll. Sababu ni ule ukanda wa mpira unaozunguka kiatu mahali soli inapokutana na kitambaa: maji yakiupita, mguu umelowa.

Mjini London, kando ya Mto Thames, kuna sanamu ya kichwa na mabega ya Plimsoll juu ya nguzo. Haikujengwa na Bunge, wala na wenye meli, ingawa hatimaye nao walifaidika kwa meli zilizorudi nyumbani. Iliwekwa mwaka 1929, miaka 31 baada ya kifo chake, na chama cha mabaharia.